Rangi na Jirani Yake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Nimekaa katika kazi ya kufundisha watoto kwa zaidi ya miaka arobaini. Katika miaka hiyo yote liko jambo moja ambalo nikilikumbuka huona haya, hata nikiwa peke yangu. Leo nalieleza mbele yenu, kwa sababu aibu ya mwalimu ikifichwa humfaa yeye mwenyewe tu, na ikisemwa huenda ikawafaa watoto wa wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana, nami nikapelekwa kufundisha chuo cha Qurani huko Matambarale, katika nchi ya Ruangwa, jirani na Nachingwea. Aliyefika huko anaijua ardhi yake. Udongo ni mwekundu, nao huishika kanzu nyeupe na kuing'ang'ania hata baada ya kufuliwa. Juu ya udongo huo imesimama mikorosho, na baada ya mvua majani yake huwa ya kijani cha kung'aa mno. Nilikaa huko miaka kadhaa nikiyatazama yote mawili, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini kijani cha kule hung'aa kuliko kijani cha kwetu pwani, kwenye mchanga mweupe.

Chuo chetu kilikuwa banda la makuti. Watoto waliandika juu ya mbao, kwa kalamu za mwanzi na wino wa masizi. Asubuhi moja mtoto mmoja, umri wake yapata miaka tisa, aliniletea ubao wake niusahihishe. Herufi alikuwa ameziandika kwa wino mweusi kama wenzake. Lakini fat'ha, kasra na dhumma alizitia kwa rangi nyekundu ya mzingefuri, na shadda akazitia kwa maji ya majani mabichi.

Nilighadhibika. Nilimwambia kuwa chuo si uwanja wa michezo, na maneno ya Mwenyezi Mungu hayapambwi kama mkeka. Nikampiga bakora tatu, kisha nikauosha ubao wake kwa mkono wangu mbele ya wenzake. Mtoto hakulia. Alisema neno moja tu: "Maalimu, nilitaka nisikosee." Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Baada ya siku chache alikuja bibi yake, mwanamke mtu mzima, msukaji wa mikeka. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. Akasema, "Maalimu, sikuja kugombana. Mtoto kaniona mimi nikitia rangi chane zangu. Chane nyekundu ukiiweka peke yake imelala. Ukiiweka kando ya kijani huamka. Yeye alidhani irabu nazo zataka kuamshwa." Nilimjibu kwa adabu, lakini kiburi cha ujana hakikuniruhusu kusikia alichosema. Akaondoka. Mtoto alirudi baada ya wiki mbili, akaandika kwa wino mweusi mtupu mpaka alipohitimu.

Rangi ndani ya msahafu

Ilinichukua miaka zaidi ya kumi kujua kuwa aliyekosea siku ile ni mimi. Nilipopata wasaa wa kusoma habari za uandishi wa msahafu, nilikuta mambo ambayo ilinipasa kuyajua kabla ya kushika bakora.

Misahafu ya mwanzo kabisa iliandikwa herufi tupu, bila irabu. Waarabu wenyewe hawakuona taabu, kwani lugha ilikuwa vinywani mwao. Uislamu ulipowafikia watu wa lugha nyingine, makosa ya kusoma yakaanza kuingia. Yasimuliwa kwamba Abu al-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki Basra mwaka 69 wa Hijra, ndiye aliyemkalisha mwandishi mbele yake akamwagiza atie nukta kwa wino usiofanana na wino wa herufi. Kila atakapomwona amefungua midomo atie nukta juu ya herufi, akiivuta chini atie chini, na akiikusanya atie mbele. Nukta hizo ndizo irabu za kwanza, na rangi yake iliyoenea ilikuwa nyekundu. Alama tunazozitumia leo zilikuja baadaye, na zanasibishwa na Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra wa karne ya pili ya Hijra.

Mambo hayakuishia kwenye nyekundu. Abu Amr ad-Dani, mwanachuoni wa Andalus aliyefariki mwaka 444 wa Hijra, yaani 1053, aliandika kitabu kizima juu ya kutia nukta katika misahafu. Humo anaeleza desturi ya watu wa Madina: nyekundu kwa irabu na manjano kwa hamza. Watu wa Andalus wao walitia na kijani, kuonyesha mahali pa hamza ya kuunganishia. Kwa hiyo ukiufungua msahafu wa zamani wa Maghribi utaona mweusi wa herufi, na pembeni mwake nyekundu, manjano na kijani, kila moja na kazi yake. Shabaha yao ilikuwa moja, nayo ni kuwa msomaji asikosee.

Tazama basi, ndugu msomaji. Mtoto wa miaka tisa, katika kijiji kisicho na maktaba, alifika kwa akili yake mahali walipofika wanavyuoni wa Basra na Andalus, na maneno aliyoyasema ndiyo sababu waliyokuwa nayo wao. Mimi nikamlipa bakora.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi Andalus. Katika pwani yetu hii, kisiwani Pate, mji wa Siyu ulikuwa na waandishi waliosifika kwa kunakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19. Baadhi ya kazi zao zimehifadhiwa mpaka leo, nazo zimepambwa kwa nyekundu, manjano na nyeusi, kwa mapambo ya majani na mafundo yaliyopangwa kwa kipimo. Wazee wale hawakuiona rangi kuwa mchezo. Waliiona kuwa ni adabu mbele ya kitabu.

Jicho na rangi

Sasa turudi kwenye neno la yule bibi: nyekundu peke yake imelala, kando ya kijani huamka. Je, ni kweli, au ni maneno ya wasuka mikeka tu?

Mmoja wa waliolichunguza jambo hili zamani kwa utaratibu wa elimu ni Muislamu, Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, alionyesha kuwa rangi tuionayo haitegemei kitu chenyewe tu, bali hutegemea na mwanga unaokiangukia na rangi za jirani yake. Alitaja kuwa nukta za rangi ileile huonekana karibu na weusi zikitiwa juu ya kitu cheupe, na huonekana nyeupe zaidi zikitiwa juu ya kitu cheusi. Alitaja pia kuwa mtu akiitazama bustani ya majani yanayopigwa na jua, kisha akageukia mahali penye giza, hubaki akiuona ukijani ule machoni mwake. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1743, Mfaransa aitwaye Buffon alieleza jambo ambalo kila mtoto anaweza kulijaribu nyumbani. Chukua kipande cha kitambaa chekundu, ukiweke mahali penye mwanga mzuri, ukikodolee macho huku ukihesabu mpaka thelathini. Kisha hamisha macho upesi kwenye ukuta mweupe. Utaona kivuli chenye umbo lilelile, lakini rangi yake ni ya kijani kinachoelekea buluu. Hakuna aliyekichora. Jicho limechoka kupokea nyekundu, basi likitazama weupe, ambao una rangi zote ndani yake, sehemu ya nyekundu hupungua na ile iliyo kinyume chake ndiyo hujitokeza. Ndiyo maana kijani ikikaa kando ya nyekundu huonekana imezidi ukijani: jicho lenyewe huiongezea. Na hii ndiyo siri ya mikorosho ya Matambarale juu ya udongo wake mwekundu.

Rangi za namna hii huitwa rangi zinazokamilishana. Kwa mwenye kupaka, jozi kubwa ni tatu: nyekundu na kijani, manjano na zambarau, buluu na rangi ya chungwa. Kila jozi ina tabia mbili ambazo ni mafunzo matupu. Zikikaa jirani, kila moja na mahali pake, hutukuzana. Zikivurugwa katika kikombe kimoja, huuana, na kinachobaki ni rangi ya matope.

Kisa cha mtia rangi wa Paris

Kiko kisa kimoja ambacho tangu nilipokisoma hakinitoki moyoni. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia aitwaye Chevreul aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya kutia rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, mahali palipofumwa mazulia na mapazia ya wafalme. Kulikuwako malalamiko. Wafumaji walisema kuwa nyuzi nyeusi za karakana hiyo hazina nguvu, hasa zikitumiwa kutia vivuli katika buluu na zambarau. Lawama zote ziliwaangukia watia rangi.

Chevreul hakukimbilia kulaumu. Alichukua nyuzi nyeusi za karakana nyingine zilizosifiwa, akazilinganisha na zake, akakuta kuwa zake hazikupungua kitu. Akaendelea kuchunguza mpaka akafahamu kuwa ubaya haukuwa katika weusi wenyewe, bali ulitokana na rangi zilizouzunguka. Weusi uleule, ukiwekwa kando ya buluu, jicho huupaka wekundu hafifu wa rangi ya chungwa, nao ukaonekana umechujuka. Mwaka 1839 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya kanuni hiyo, na wachoraji wengi wa Ulaya wakajifunza kwacho. Aliishi miaka mingi, akafariki mwaka 1889 akiwa amevuka umri wa miaka mia.

Niliposoma habari hii nilifunga kitabu. Watia rangi wale walilaumiwa kwa kosa ambalo halikuwamo kazini mwao, mpaka alipotokea mtu mwenye subira ya kuchunguza kabla ya kuhukumu. Yule mtoto wangu hakumpata mtu wa namna hiyo. Alinipata mimi.

Namna ya kuwafundisha watoto

Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha watoto elimu hii, nami nimegundua kuwa Kiswahili chetu kimeturahisishia kazi. Katika lugha yetu rangi zenye sifa zake za asili ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote tumezipa majina ya vitu. Kijani ni jani. Manjano ni ile bizari ya manjano iliyomo jikoni mwa mama. Zambarau ni tunda lenyewe, linalowatia watoto rangi ulimi. Chungwa ni chungwa. Kijivu ni jivu, na kahawia ni kahawa. Samawati tumeipata kwa Waarabu, nayo ni mbingu. Wazee wetu waliiweka sanduku la rangi ndani ya lugha.

Kwa hiyo mwalimu hahitaji fedha nyingi. Mwambie mtoto alete vitu. Atakuja na jani na punje za mzingefuri, au pilipili nyekundu. Atakuja na kipande cha manjano na zambarau zilizoiva. Atakuja na chungwa, nawe utaliweka juu ya kitambaa cha buluu. Mwache aviweke viwili viwili, kisha umwulize: kipi kimeamka? Usimwambie jibu. Kisha ahamishe, chungwa aliweke juu ya kitambaa chekundu, na jani aliweke juu ya kitambaa cha manjano, aone jinsi vilivyotulia. Baada ya hapo ndipo umwambie jina la jambo lenyewe. Mtoto aliyeona kwanza na kutajiwa baadaye hasahau.

Siku ya pili mpe rangi za maji na karatasi. Mwambie achanganye nyekundu na kijani mpaka aone matope, maana kosa la mkono wake mwenyewe humfundisha kuliko maneno mia ya mwalimu. Siku ya tatu aangalie nyumbani kwao: kanga za mama, mkeka wa barazani, embe lililoiva nusu mtini, mabibo mekundu katikati ya majani ya mkorosho. Atarudi na mifano ambayo wewe hukuiona.

Na hapa pana jambo la kuhadhari. Wako watoto, na wengi wao ni wanaume, ambao macho yao yameumbwa hayatenganishi vyema nyekundu na kijani. John Dalton, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, alikuwa hivyo mwenyewe, naye aliieleza hali yake mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1794. Mtoto kama huyo si mjinga wala si mkaidi. Ukimwona anakosea jozi hii kila mara, usimkaripie wala usimcheke. Mfundishe kwa manjano na buluu, ambazo ataziona, na uwaarifu wazazi wake.

Je, kuchora kunafaa?

Wazazi wengine huniuliza: Maalimu, je, haya si mambo ya picha? Najibu kuwa wanavyuoni wamezungumza sana juu ya sura za viumbe wenye roho, wala mimi si wa kulimaliza jambo hilo katika kurasa hizi. Lakini inajulikana katika hadithi sahihi kwamba mtu mmoja, ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, alimwendea Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlango huo ni mpana. Majani, maua, milima, bahari, mapambo ya mlango na ya msahafu, yote yamo humo, na somo la rangi lapita humo bila taabu.

Wala mtu asidhani kuwa kazi hii ni ya nchi za mbali. Kusini kwetu huku, wilayani Tunduru, alizaliwa mwaka 1932 Edward Saidi Tingatinga. Alitoka kwao, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora juu ya mbao nyembamba za mraba kwa rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli, kwani ndizo zilizopatikana kwa bei nafuu. Hakusomea shule ya uchoraji, lakini alijua ni rangi gani ya kuweka nyuma ili ile ya mbele iruke. Mwaka 1972 alipigwa risasi na askari waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki. Ujuzi wake haukuzikwa naye, kwa sababu alikuwa amewakalisha vijana pembeni mwake wakatazama mkono wake. Mwaka 1990 warithi wa kazi hiyo walianzisha chama chao cha ushirika mjini Dar es Salaam, na jina Tingatinga sasa lajulikana duniani. Mtu huyu naye alihukumiwa kabla ya kuchunguzwa, na hukumu yake haikuwa bakora tatu.

Neno la mwisho

Katika Sura Ar-Rum Mola wetu ametutajia kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara zake kwa wenye kujua. Na katika Sura Fatir ametutajia milima yenye mistari myeupe na myekundu na myeusi sana. Mwenye kumfundisha mtoto kutazama rangi basi hamtoi nje ya dini. Anamfungua macho asome ishara alizozungukwa nazo.

Na liko funzo jingine. Watu wa nyumba moja, wa mtaa mmoja au wa msikiti mmoja wana tabia zisizofanana. Huyu ni mkali, yule ni mpole. Tukiwataka wote wafanane tutapata matope. Tukimwacha kila mmoja mahali pake, kwa mipaka yake na heshima yake, kila mmoja atamng'arisha jirani yake. Na tukimwona mmoja amechujuka, tusiharakishe kumlaumu. Tutazame kwanza amewekwa kando ya nani.

Yule mtoto alikua, akahamia upande wa pwani. Bibi yake alifariki kabla sijapata kumwendea kumwambia kuwa alisema kweli, na hilo ni deni ambalo siwezi kulilipa tena duniani. Yeye mwenyewe nilikutana naye miaka michache iliyopita kwenye maziko, mtu mzima mwenye watoto wake. Nilimshika mkono, nikamwomba radhi kwa bakora zile. Alicheka, akasema, "Maalimu, bakora nilisahau siku ileile." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ila ule ubao ulipouosha, huo sikuusahau."

Nimemwomba aniletee mjukuu wangu huyo wa elimu, mwanawe mdogo, wakati wa likizo. Amekubali. Nimekwisha nunua kalamu nyekundu na ya kijani.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.